Altrasaundi ya kuchomeka kwenye tableti imeonyesha minyoo wanacheza mwilini mwa mjomba, ni kweli au tumepigwa?

mwana_pongwe

Habari za jioni wadau, naomba mwenye uelewa wa vipimo anisaidie mana nyumbani kumechafuka na mie ndo nimetumwa kuuliza kwa vile nina bando.

Mjomba wangu yuko Mwambani, mvuvi, hamsini na ushee. Ana uvimbe kwenye korodani upande wa kushoto, sio lile la kuonekana kwenye kikoi, dogo tu, ila mwenyewe analalamika uzito na kuna siku anashikwa na homa na mtoki unavimba alafu baada ya siku chache yanaisha kama hakukuwa na kitu. Alishapima damu kituo kimoja hivi, asubuhi, wakamwambia hana mdudu wowote, akapewa panadol akarudi zake baharini.

Sasa wiki iliyopita walipita watu wa afya kijijini, kijana mmoja akatoa kidude mfano wa mashine ya kunyolea ndevu kina waya mmoja, akauchomeka kwenye tableti, akampaka mjomba ile jeli ya baridi akaanza kupitisha taratibu. Kufika mahali akatulia, akageuza kioo akamwambia mzee tazama hapa, hawa ni minyoo wa matende, wazima kabisa, si unawaona wanavyocheza. Mjomba anaapa kaona vitu vyembamba vyeupe vinajinyonganyonga havitulii.

Mkewe hataki hata kusikia, anasema ile ni video wanatembea nayo wanaonyesha kila mtu. Binamu yangu yeye anasema simu haiwezi kuona ndani ya mtu bila mionzi kwaiyo kama imeona kweli basi mzee kapigwa mionzi sehemu nyeti, na kaka yake mkubwa anataka aende akapasuliwe moja kwa moja yaishe. Mie nipo katikati. Hicho kipimo kipo kweli? Damu imesema hana, picha imesema anao, tuamini ipi? Na hiyo mionzi vipi?

Barabara_ya_Nane

Mwambie apunguze madafu 😂😂

Bint_Mwera

@Barabara_ya_Nane acha hizo kaka, madafu hayana kosa lolote. Busha la huku kwetu pwani kwa sehemu kubwa linaletwa na mbu, tena sio mbu wa aina moja, yule wa kwenye vyoo na mashimo ya maji machafu na yule wa malaria wote wanabeba. Wazee wametukataza madafu miaka nenda rudi na mabusha yakaendelea kuwaning'inia vilevile.

dada_wa_picha

mwana_pongwe pole na mzee. Mie altrasaundi ndo ugali wangu, niko idara ya picha kwenye hospitali humuhumu mkoani, jina lake niliache.

Nianze na mionzi mana ndo inayotisha watu. Hakuna. Eksirei ina mionzi, siti skani ina mionzi, altrasaundi ni sauti tu ila ya juu mno, sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde na hii inaenda mamilioni, kwa korodani tunatumia milioni 7 na nusu kwenda juu. Sauti inaingia, inagonga nyama inarudi, mashine inapiga hesabu imechukua muda gani kurudi ndo inachora picha. Ni ileile wanayopimiwa wajawazito, Ian Donald na wenzake kule Glasgow walitoa picha zao za kwanza 1958, kwaiyo msingi wake ni wa zamani.

Kilichobadilika kiko ndani ya probu, kile kidude cha kushika. Za zamani zina fuwele, na kila kazi ina probu yake, ya tumbo mbali ya mishipa mbali, alafu nyuma yake kuna mashine nzima ya kusukuma kwa magurudumu. Hizi za kuchomeka, iliyovuma zaidi ni Butterfly iQ iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017, wametoa fuwele wakaweka chipu ya silikoni yenye vingoma vidogo kama 9,000, probu moja ikabeba kazi za zote na picha unaitazama kwenye simu au tableti. Kwaiyo binamu yako kapatia nusu, simu haioni kitu, inayoona ni probu.

Sasa minyoo. Hii sio video ya kutembeza. 1994 huko Recife, Brazil, Amaral na Gerusa Dreyer na wenzao walikuwa wanapima wanaume wenye vimelea kwenye damu, wakakuta kwenye mirija ya limfu ya korodani, ile inayorudisha majimaji ya mwili, vitu vinatikisika ovyoovyo, na mpaka leo sisi wa picha tunaita dansi ya filaria, filaria ndo hawa minyoo wa matende. Mnyoo jike ana urefu wa sentimita 8 mpaka 10 lakini unene wake ni kama robo ya milimita, kwaiyo akitulia humuoni, kinachomsaliti ni kule kucheza.

Kwenye kioo inakuwa hivi, unaona mrija umevimba, mweusi, mana majimaji siku zote kwetu ni meusi, alafu ndani yake kuna nyuzi nyeupe zinajikunja zinajikunjua. Hapo usishangilie kwanza. Mshipa wa damu nao unacheza, na kijana asiye na uzoefu anaweza akauona akasema mnyoo. Unawasha dopla, ile sehemu ya mashine inayoonyesha mwendo kwa rangi, damu inakuja kwa mpigo wa moyo, sawasawa, mnyoo yeye hana adabu hiyo, anaruka anavyotaka na rangi zinavurugana. Mie nikipata shaka nashika mkono wa mgonjwa naacha probu palepale bila kuisogeza, nasikiliza mapigo kwa vidole huku macho yako kwenye kioo, kama viwili haviendani ndo naandika.

Kuhusu damu kusema hana: walimpima asubuhi. Kama kilikuwa kile kipimo cha kuangalia kwa hadubini basi wamemtafuta mtu nyumbani wakati yuko kazini. Vitoto vya huyu mdudu vinatoka kwenye damu ya karibu na ngozi usiku, kuanzia kama saa nne mpaka saa nane hivi, mchana vinajificha kwenye mapafu. Ndo mana wazee wanakumbuka watu wa afya walikuwa wanakuja usiku wa manane na karabai kutoboa watu vidole. Siku hizi kuna kipimo cha strip, kinatafuta chembechembe za mnyoo mkubwa mwenyewe, hakijali saa, tone la damu la mchana linatosha, ila nacho kina lake, minyoo ikishakufa kinaweza kuendelea kusoma chanya muda mrefu.

Kwaiyo picha na damu havigombani. Kimoja kinatafuta watoto kingine kinawaona wazazi.

mwana_pongwe

Dada Mungu akubariki aisee, nimemsomea mjomba yote kwa simu kacheka sana hapo kwenye "hana adabu". Sasa swali lake yeye mwenyewe, kila mwaka anameza zile dawa za serikali, wanamsimamisha kwenye fimbo wanampima urefu wanampa, tena anasema hajakosa. Iweje wadudu bado wazima?

Bint_Mwera

Hapa nijibu mie mana hii habari ni ya nyumbani kwetu na inaniuma watu hawaijui.

Zile dawa za fimbo ni ivamektini na albendazoli, Tanga tumeanza kumeza 2004. Kazi yake kubwa ni kusafisha vile vitoto kwenye damu ili mbu akikuuma asiondoke na kitu akampelekea jirani. Zinazuia ugonjwa kusambaa mtaani, na kweli umepungua sana, watoto wa sasa huku Pangani hata hawajui matende yanafananaje. Lakini mnyoo mkubwa aliyejichimbia kwenye mirija hazimmalizi, na huyo anaishi miaka mingi tu, 4 mpaka 6 na wengine zaidi.

Sasa sikia. Ndani ya mnyoo huyu kuna bakteria anaitwa Wolbachia, wanaishi pamoja, mmoja hawezi bila mwenzie. Watafiti wakawaza, badala ya kuhangaika na mnyoo tumpige huyo mpangaji wake kwa antibaiotiki ya kawaida. Na unajua walijaribia wapi? Kimang'a. Kimang'a hiihii ya Pangani ukitoka Tanga unaipita kabla hujafika mjini. Wanaume 72 wenye vimelea, NIMR wa Tanga, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, pamoja na watafiti wa Liverpool Uingereza na Bonn Ujerumani, wengine wakapewa doksisaiklini miligramu 200 kila siku kwa wiki 8, wengine vidonge visivyo na dawa, na hakuna aliyejua yuko kundi gani, si mgonjwa wala mpimaji. Baada ya miezi 14 wakaja na altrasaundi kutafuta minyoo palepale walipokuwepo. Waliomeza dawa, minyoo ilionekana kwa 6 kati ya 27. Wasiomeza, 24 kati ya 27. Ikachapishwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet 2005.

Fikiria bila ile picha wangejuaje? Huwezi kumpasua mtu kila baada ya miezi kuangalia kama mnyoo kafa. Na uzuri wake minyoo hawa hawahami, wakishajenga kiota wako hapohapo, ukirudi mwakani unaweka probu mahali palepale unamkuta anacheza au humkuti. Sie watu wa Pangani tumesaidia dunia kujua kitu kikubwa alafu hata kibao cha barabarani hakuna.

Mzalendo_Halisi

Nilikuwa nasubiri mtu aseme hili. Kwaiyo wanaume wagonjwa wakapewa UNGA wiki nane alafu mtu anakuja hapa kujisifu? Sisi watu wa pwani ndo maabara yao, wakitaka kujaribu kitu wanakuja Tanga, Bagamoyo, Kilifi. Mbona hawajaribu kwao? Na hivi vimashine vya simu picha zinaenda wapi, nani anazihifadhi? Mjomba wako kapigwa picha sehemu za siri mwana_pongwe umeuliza ile picha ipo kwenye seva ya nani?

dada_wa_picha

@Mzalendo_Halisi swali lako la picha zinaenda wapi ni zuri kuliko yote yaliyoulizwa humu na nakuunga mkono. Hizi probu nyingi zinapakia picha kwenye mawingu ya kampuni, yaani seva zao za mtandaoni. Hapa kwetu kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 na taarifa za afya zimo humo, mgonjwa ana haki ya kuuliza nani ameshika picha yake na kwa kazi gani. Mjomba aulize, na kama walikuwa watafiti basi lazima kuwe na fomu alisaini na nakala moja ibaki kwake. Kama hakusaini kitu ni huduma ya kawaida, basi picha au walau majibu ya maandishi apewe aondoke nayo.

Lakini kuhusu unga umekosea njia. Angalia hizo namba za Bint_Mwera vizuri. Kwenye kundi la wasiomeza dawa 24 kati ya 27 bado walikuwa na minyoo, maana yake watatu hawakuonekana tena bila dawa yoyote. Minyoo inakufa kwa uzee, au mpimaji siku hiyo kamkosa. Ungekuwa na kundi moja tu la dawa ungeisifu dawa kwa kazi ambayo haikuifanya. Na kutomjulisha mpimaji ndo muhimu zaidi kwenye kazi yetu ya picha, mana jicho linaona linachotaka kuona, nikijua huyu kameza dawa nitaangalia haraka nitasema hamna kitu.

mtoto_wa_Kaole

Niko Bagamoyo, naongezea kidogo kwa Mzalendo. Kwetu hapa ni wenyeji wa haya mambo, taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara wana kituo chao, chanjo ya malaria ya R21 ilijaribiwa hapa kwa watoto, pamoja na Kilifi, Mali na Burkina Faso, watoto 4,800 jumla, na WHO wakaipitisha Oktoba 2023. Unauliza kwa nini wasijaribu kwao, kwao hakuna malaria kaka, utapima kinga ya ugonjwa usiokuwepo vipi? Ninachodai mie ni kingine, wakishapata majibu warudi kijijini wayaseme kwa kiswahili cha kueleweka, sio tuje kuyasoma kwenye majarida ya Uingereza. Hilo wengine wanafanya wengine wanapotea jumla.

Mzalendo_Halisi

Hapo sawa. Hapo kwenye kurudi kusema hapo tunaelewana.

maabara_usiku

Wakuu nimechelewa, nilikuwa shifti. Mie ni wa maabara, nataka niwape kingine kinachofanana na hiki cha dansi mana watu wanadhani maendeleo ya picha ni picha kuwa nzuri zaidi tu.

Kule Kameruni wana mnyoo binamu wa huyu anaitwa Loa loa, sisi hatuna. Shida yake ni kwamba mtu mwenye Loa wengi sana kwenye damu, zaidi ya 30,000 kwa mililita moja, ukimpa ivamektini anaweza kupoteza fahamu au kufa, kwaiyo ile kampeni ya kugawa dawa kwa wote ilikwama huko. Kuhesabu kwa hadubini kijiji kizima hutaweza. Sasa watu wa chuo kikuu cha Berkeley pale Marekani, kwenye maabara ya Daniel Fletcher, wakachukua simu ya kawaida wakaiweka juu ya kijisanduku chenye lenzi, unachoma kidole, damu inaingia kwenye kijibomba cha kioo, simu inarekodi video fupi. Programu haimtafuti mnyoo kwa umbo lake wala rangi. Inaangalia wapi chembe nyekundu za damu zinasukumwasukumwa. Mnyoo anapojinyonga anazipiga kumbo, programu inahesabu yale mawimbi, dakika kama mbili imekwambia huyu apewe dawa huyu asipewe. Mwaka 2015 wakaitumia wilaya ya Okola, watu zaidi ya 15,000 wakapata ivamektini, wachache wenye Loa nyingi wakawekwa pembeni, na hakuna aliyepata yale madhara makubwa ya kichwani.

Ni mwendo uleule uliomsaliti mnyoo wa mjomba. Mie nikikaa kwenye hadubini usiku wa manane na slaidi za damu mbichi nafanya vilevile, sitafuti mdudu, natafuta fujo.

Na kuhusu akili mnemba, msiamini kila kinachotangazwa, ila kuna mbili tatu zimeshathibitika. WHO walikubali 2021 programu zisome eksirei ya kifua kutafuta TB kwa watu wa miaka 15 na kuendelea badala ya daktari, ndo mana yale magari ya eksirei yanaweza kufika hata gulioni bila kubeba mtaalamu wa picha. Na Zambia walijaribu kitu kitamu, mkunga anapitisha probu tumboni kwa mama mara kadhaa bila hata kuangalia kioo, juu chini kushoto kulia, programu yenyewe inakadiria umri wa mimba, na ikawa inaenda sambamba na fundi wa altrasaundi. Ilitoka 2022.

Barabara_ya_Nane

Haya sasa naongea siriazi. Kama wameweza kuweka altrasaundi mfukoni mbona MRI, ile mashine ya picha ya sumaku, bado mpaka uende hospitali kubwa za mbali? Au nayo inakuja ya kuchomeka?

dada_wa_picha

Ya mfukoni sahau, ila ya magurudumu ipo. Hyperfine wa Marekani wametoa MRI ya kichwa tu, sumaku yake ni tesla 0.064 (tesla ndo kipimo cha nguvu ya sumaku), iliruhusiwa kule 2020, unaichomeka kwenye soketi ya ukutani na unaisukuma mpaka kitandani kwa mgonjwa. Linganisha na za kawaida ni tesla 1.5 au 3, zinataka chumba maalum na heliamu ya kupozea, heliamu yenyewe ghali na umeme ukikatika vibaya ni balaa. Picha za hiyo ndogo hazing'ai, mie nikiziona naona kama mtu kapaka ukungu, lakini damu iliyovuja kichwani au maji kwenye ubongo wa mtoto unaviona.

Huku Wafaransa pale Saclay wanakimbilia upande mwingine, wana sumaku ya tesla 11.7 inaitwa Iseult, 2024 wakatoa picha za ubongo wa watu walio hai, pikseli ya milimita 0.2. Nzuri mno, nimezitazama mpaka nikasahau chai. Ila ukiniuliza mie ipi itanifaa hapa, nipeni ile ya ukungu.

Sasa turudi kwa mzee mana tumemwacha. mwana_pongwe kuna kitu sikukisema mwanzo na ni muhimu. Hiki kidude cha kuchomeka kizuri, lakini kinakwambia "kuna mnyoo", hakikwambii "hakuna kingine". Uvimbe wa korodani unaweza kuwa maji ya busha, unaweza kuwa utumbo umeshuka, hiyo ni ngiri, unaweza kuwa uvimbe wa korodani lenyewe ambao ni wa kuogopa zaidi. Mtu mmoja anaweza kuwa na viwili. Nilishaletewa mgonjwa katoka kituo fulani karatasi imeandikwa busha, naweka probu nakuta utumbo unatembea humo ndani na chakula chake, na alikuwa ameshapangiwa tarehe ya kutolewa maji kwa sindano! Kwaiyo mzee aje hospitali kubwa apimwe pande zote mbili kwa utulivu, na korodani lenyewe litazamwe ndani.

Na kupasuliwa asikimbilie. Busha kubwa la siku nyingi ndo la kupasua, na hapo kwa kawaida hata minyoo hatuioni tena, imeshaharibu ikafa. Huyu la kwake dogo na minyoo bado hai, hapo daktari anaweza kufikiria ile doksisaiklini. Ghana walishaona wenye busha changa wakipewa wiki 6 linapungua. Lakini NARUDIA asiende duka la dawa akanunua mwenyewe, ni wiki nyingi, daktari aangalie na dawa zake nyingine, na mama mjamzito au mtoto mdogo kwenye nyumba asije akaonjeshwa.

Bint_Mwera

Naongezea, akianza dawa asitegemee kesho yake mambo yameisha. Bakteria ndo anakufa kwanza, jike linakuwa gumba, alafu minyoo inakufa polepole, mpaka mwaka na zaidi. Mnyoo akifa pale anaweza kuacha kijinundu kinauma siku kadhaa, watu wakikipata wanasema dawa imenidhuru wanaacha katikati. Na zile za fimbo aendelee kumeza kama kawaida wakipita.

mwana_pongwe

Nawashukuru wote, hata wewe Mzalendo, mana nimempigia yule kijana wa afya nikamuuliza picha ziko wapi, kanyamaza kidogo alafu akasema zipo kwenye tableti ya mradi na atamletea mjomba karatasi ya majibu. Tumuone. Fomu mjomba anasema alisaini kitu ila hajui alisaini nini, nakala hakupewa, hilo nitalifuatilia.

Mkewe kalegea baada ya kusikia habari ya Kimang'a, kumbe ana ndugu zake huko, kampigia mmoja kamwambia ni kweli walikuwa wanapimwa wanaume na "televisheni". Kaka mtu wa kupasua bado mbishi. Mjomba mwenyewe anachouliza ni je akija hospitali ajifunge kula au anywe maji mengi kama wajawazito? Na anaogopa atapimwa na mwanamke.

dada_wa_picha

Ale kama kawaida, wala asibane mkojo, hiyo ni ya tumbo na mimba. Aje na kikoi, suruali inatusumbua wote wawili. Kuhusu mwanamke, ana haki ya kuomba mwanaume, aseme tu pale mapokezi wala asione haya, wapo, pengine atasubiri kidogo. Aje na ile karatasi ya damu ya asubuhi hata kama anaona haina maana, na amwambie daktari tarehe za zile homa na mtoki kadri anavyokumbuka, mana hizo mashine yangu haizioni.

maabara_usiku

Na wakimwambia damu ya usiku akubali. Nipo zamu mpaka asubuhi.